Nani Kairudisha Kompyuta Nyuma?

Pii. Kimya. Pii.

Tupokigwe alisimama mlangoni mwa jiko, kitenge kimemlowa mabegani, akatega sikio. Umeme ulikuwa umekatika Kawetele nzima. Tangu ashuke kwenye bodaboda hakuona hata taa moja, ukungu tu na migomba. Na ndani ya nyumba yake, gizani, kitu kilikuwa kinalia kama kifaranga kilichopotezana na mama yake. Pii.

Aliujua mlio ule. Ulikuwa wa yupiesi, kile kisanduku kinachokaa chini ya meza ya kompyuta na kushikilia umeme kidogo ili mashine isizimike ghafla. Hakilii mpaka kiwe kimewashwa. Na yeye, kabla ya kwenda kwenye masomo yake ya jioni, alikizima kwa mkono wake mwenyewe, akachomoa na waya ukutani, maana radi za Rungwe hazina simile.

Basi nani kakiwasha?

Hakuingia moja kwa moja. Alikohoa kwanza, kama ilivyompasa. Baba mkwe wake alikuwa amekuja kutoka Kisondela tangu mvua zianze, anatibiwa mguu hospitali ya Igogwe. Na kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Hawakai chumba kimoja, hawasemezani, na jina la baba mkwe halitamkwi. Chakula anapeleka mtoto, na maneno vilevile. Kwa hiyo Tupokigwe alikohoa, akasubiri. Mlango wa chumba cha mzee ukalia, ukafungwa. Hilo halikumshangaza, mzee hushinda sebuleni yeye anapokuwa hayupo. Ndipo akapita.

Kiti cha kompyuta kilikuwa kimevutwa nyuma. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na barazani palikuwa na mtu anakung'uta koti la mvua. Godwin, mumewe.

"Umeingia sasa hivi?" Tupokigwe akauliza.

"Ndiyo naingia. Hata pole na kazi hakuna?"

"Pole na kazi. Umegusa kompyuta?"

"Kwa umeme upi, mama Elina?"

Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa zuri mno, kama la mtu aliyelitayarisha njiani.

Umeme uliporudi, aliiwasha mashine kabla hata ya kuinjika chai. Barua zake za mazoezi zilikuwepo. Picha za Elina akiwa mchanga, zile za mashavu matupu yasiyo na shingo, zilikuwepo zote. Lakini pale juu ya kioo, mahali pa ile programu ya hesabu, palikuwa patupu. Alitafuta huku, akatafuta kule. Programu haikuwepo, kana kwamba haijawahi kuwekwa.

Jumatatu ilikuwa karibu. Chama cha wakulima wa maparachichi kilikuwa kinatafuta karani mmoja, na kila aliyeitwa kwenye usaili angekalishwa mbele ya programu hiyohiyo, apewe risiti za mzigo, aingize bila kubabaika. Wengine walikuwa na vyeti vya chuo. Yeye alikuwa na masomo ya jioni, na kompyuta iliyotumika waliyoinunua Mbeya, na usiku wa kufanya mazoezi baada ya mtoto kulala. Akinyang'anywa hayo mazoezi, alikuwa hana kitu.

"Elina," alimwita binti yake taratibu, akamvuta magotini. "Baba amekaa hapa leo?"

Elina, ambaye ndiyo kwanza yuko darasa la kwanza, alifikiri. "Baba anakaaga pale kwenye redio ya mpira."

"Kwenye kompyuta je?"

"Mimi nilikuwa na babu."

Tupokigwe akaishia hapo. Kumhoji mtoto habari za babu yake ni sawa na kumhoji babu mwenyewe, na yeye alikuwa amelelewa. Akambusu mtoto utosini, akamwacha aende. Macho yake yakarudi kwa Godwin, aliyekuwa anapuliza chai yake polepole. Hata namna alivyoipuliza, aliiona ina jambo.

Maana hakuwa amesahau. Siku alipoleta habari za ile kazi, nyumba nzima ilifurahi isipokuwa mdomo mmoja. Godwin alisema, "Sasa ukiipata, mzee atapikiwa na nani?" Akasema hivyo, akala ndizi zake, akalala.

Kesho yake asubuhi alipanda mjini kwa Mwalimu Safina, mwanamke wa Kiislamu mwenye duka la steshenari karibu na stendi. Jioni anasogeza mashine za fotokopi ukutani, duka linageuka darasa. Safina alimsikiliza hadi mwisho huku anabana karatasi za mteja.

"Barua zipo?"

"Zipo."

"Picha zipo?"

"Zipo. Programu tu ndiyo haipo."

"Basi hiyo si virusi, wala si ugonjwa wa mashine. Nimewafundisha nini mwezi uliopita? Pointi ya kurejesha!" Akaiweka stepla chini. "Mashine unaiwekea alama siku ikiwa nzima. Ikichafuka, unairudisha kwenye alama ile. Barua na picha haigusi. Ila programu uliyoiweka baada ya alama inaondoka, na uliyoitoa inarudi. Wewe uliweka alama?"

"Niliweka. Kabla sijaingiza programu. Nikaiandika jina, 'Kabla ya hesabu'. Halafu nikapunguza vitu vya yule muuzaji wa Mbeya, michezo na takataka gani, mashine ipumue."

"Haya. Mtu kairudisha hapo."

"Haiwezi kujirudisha yenyewe?"

"Hiyo mashine, mama Elina, haina mikono." Safina akamtazama kwa juu ya miwani. "Mumeo anajua kompyuta?"

"Anasemaga hajui."

"Mh. Wanasemaga."

Mteja aliyekuwa anasubiri karatasi zake akacheka kwa puani. Uso wa Tupokigwe ukapata moto. Safina akamhurumia, akamshika mkono, akamweleza upya taratibu: afungue sehemu ile ya kurejesha, atakuta mashine yenyewe imeandika kwamba ilirudishwa, na chini yake itampa nafasi ya kutengua. Atengue, asubiri iwake tena, asiizime katikati hata nyumba ikiungua.

Akarudi, akafanya. Ilikuwa kweli. Mashine ilikuwa imeandika, kwa Kiswahili kile alichokiweka Mwalimu mwenyewe, kwamba ilirudishwa jana jioni, wakati yeye yuko darasani. Akatengua. Mashine ikazimika, ikawaka, ikazungusha vile vidoti vyake muda wa kuivisha ndizi. Programu ya hesabu ikarudi mahali pake. Alikaribia kuikumbatia skrini.

Ijumaa jioni alirudi kutoka darasani, haipo tena.

Safari hii hakungoja. Alimfuata Godwin jikoni, akarudishia mlango, wakagombana kwa kunong'ona kwa sababu mzee yuko chumba cha pili, na ugomvi wa kunong'ona una uchungu wa peke yake.

"Niambie tu hutaki nifanye kazi. Niambie kwa mdomo, usinivizie kwenye mashine."

"Mimi? Tupo, mimi ile mausi naishika kama nimeshika chura! Nakuvizia na nini?"

"Mashine haina mikono."

"Na mimi nina mikono, kwa hiyo ndiyo mimi?"

"Ulisema mzee atapikiwa na nani."

"Nilisema! Nilisema mara moja, tena nilikuwa na njaa." Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya chini zaidi, "Natoka kubeba makreti tangu alfajiri ili hiyo yupiesi yako iwepo pale. Halafu mimi ndiye mwizi."

Akatoka, akaenda kukaa barazani kwenye baridi. Tupokigwe alimwonea huruma, kisha akajikaza asimwonee. Mtu aliyeumia kweli na mtu anayejua kuigiza kuumia, gizani wanakaa vilevile. Alitengua tena, akafanya mazoezi hadi macho yakamwasha, lakini kila kidole alichobonyeza kilikuwa kinauliza: na kesho je?

Jumamosi alasiri aliamua kumkamata.

Akavaa, akachukua mkoba, akapaza sauti uani ili isikike kila chumba: "Elina! Mwambie babu naenda darasani, chakula kiko kwenye hotpoti!" Akapanda hadi barabarani. Hapo akageuka, akashuka kwa nyuma kupitia migomba ya jirani, viatu mkononi, matope yanamteleza kati ya vidole. Godwin alisema anakwenda kazini. Tutaona, alijiambia. Akajibanza chini ya dirisha la sebule, manyunyu yanamdondokea shingoni.

Haikupita muda. Akasikia kiti kinavutwa, yupiesi ikatoa mlio wake mfupi wa kuamka. Akainua kichwa, akachungulia pembeni ya pazia.

Aliona kiwiko. Kiwiko cha sweta kuukuu la rangi ya kahawia, na fimbo imeegemezwa mezani.

Alishtuka, akainama, akajifunika kitenge usoni. Lilikuja lenyewe kabla ya mawazo, kama mtu anavyofumba jicho likirukiwa na kitu. Baba mkwe! Ndani, mzee akakohoa, akasema kwa Kiswahili chake chenye mwendo wa Kinyakyusa:

"Haya, mjukuu wangu. Isome hiyo."

"Kabla... ya... he-sa-bu," Elina akasoma.

"Ndiyo hiyohiyo. Mama yako anasemaje akiwa anaosha vyombo?"

Elina akaigiza sauti ya mama yake, na mwimbo wake wote wa kukariri: "Chagua alama, soma onyo, ndipo ubonyeze, na usizime!"

"Ndaga, asante! Mwanamke yule ana kichwa. Anasomea jikoni, na mimi nasomea ukutani." Mzee akacheka kidogo. "Tangu wazee wangu wa drafti nimewaacha Kisondela, na mguu huu haunipeleki popote, hii mashine tu ndiyo inayonipa mchezo. Tena ina jeuri, inanila kete tatu kwa mpigo."

"Babu, mbona drafti kila tukiirudisha inapotea tena?"

"Ni baba yako huyo. Anaona aibu, mzee mzima nashindana na mashine. Ananifutia kimyakimya. Na mimi namrudishia kimyakimya. Tutaona nani atachoka."

Chini ya dirisha, Tupokigwe aliziba mdomo kwa kitenge. Kicheko kilikuwa kinampanda, na nyuma ya kicheko kulikuwa na Godwin wa jana, peke yake barazani kwenye baridi. Michezo na takataka gani, alisema kwa Safina. Hakuwahi kujiuliza kama ina mwenyewe. Na mzee hakuwa na namna ya kumuuliza.

"Nibonyeze, babu?"

"Elina!" Tupokigwe akaita.

Ndani kiti kikasogea ghafla.

"Mama? Uko wapi?"

"Niko nje, mwanangu. Usibonyeze. Ondoa mkono." Alikuwa ameupa ukuta mgongo, anasema na migomba. "Mwambie babu yako, baba hana kosa. Drafti niliitoa mimi, nilipokuwa natafuta nafasi ya programu ya hesabu. Sikujua kama ni yake. Naomba anisamehe."

"Babu, mama anasema baba hana—"

"Nimesikia," mzee akasema haraka, kisha akakumbuka, akakohoa. "Mwambie mama yako nimesikia."

"Mama, babu amesikia!"

"Mwambie tena, akirudisha mashine nyuma, drafti inakuja, lakini programu yangu inaondoka. Na Jumatatu nitapimwa kwa programu hiyo. Kwenye ile kazi." Akakivuta kitenge mabegani. "Mwambie sijaiweza bado vizuri."

Elina hakurudia. Labda aliona babu yake hahitaji kurudiwa.

Manyunyu yaliendelea kwenye majani ya migomba. Tupokigwe alisubiri, hathubutu kugeuka. Ile ilikuwa nyumba ya mwana wa mzee, naye akiamua kubonyeza hakuna ambaye angemzuia, si yeye, si Godwin. Na huenda naye, usiku akiwa macho kwa ajili ya mguu, aliwahi kujiuliza atapikiwa na nani. Kwa nini asijiulize? Alisikia mnong'ono. Kisha fimbo ikagonga sakafu, ikasogea polepole, na mlango wa chumba cha mzee ukalia, ukafungwa.

Pazia likafunuliwa, na Elina akatoa kichwa dirishani, amesimama juu ya kile kiti.

"Mama, babu anasema usome kwanza, yeye atasubiri."