Maji ya Kulaza Vumbi

Nilipotoka kwenye chumba nilichopanga kwa akina Derrick, kijana alikuwa ameshavuka lami, begi begani, anaelekea upande wa Mombasa wala hageuki nyuma. Baba yake, Gibson, alikuwa amesimama getini na mkoba wa safari bado mkononi. Alikuwa amerudi kutoka mkutano wa kanisa Taveta mapema kuliko tulivyomtarajia, akalikuta gari lake limekaa juu ya mawe katikati ya ua kama kuku anayeatamia, halina hata gurudumu moja.

Neno lenyewe lilinikuta ndani natafuta kandambili. Mtaa mzima ulilisikia.

"Nenda! Na hata siku ya kunizika usije!"

Mimi nimehama sana. Mombasa nilizaliwa, Tanga nikajifunza kupiga rangi magari, Arusha nikaiacha kazi hiyo, Kisumu nikairudia. Shule niliisoma vipande vipande, darasa huku, darasa kule. Baba kugombana na mwanawe nimekuona kila mji niliopanga chumba. Lakini Voi, kwa Wadawida, yaani Wataita, neno la namna ile si la kuchezea. Kwao hasira ya mzazi haikai mdomoni ikaisha. Inashuka moyoni, na kutoka moyoni inamfuata mtoto popote alipo.

Sasa kosa la Derrick lilikuwa hili. Rimu za gari la baba yake zilikuwa zimechakaa vibaya, zimemenyeka kama viazi, na moja ilikuwa na jeraha la jiwe la barabara ya Makwasinyi. Kijana akaona baba hayupo, amepewa lifti na mchungaji, basi atumie nafasi hiyo kumfurahisha. Akafungua magurudumu yote manne. Akayaosha kwa sabuni na thina, akasugua kwa msasa, akaziba majeraha, akapiga praima, ile rangi ya chini. Tairi hakuzitoa. Alichukua kadi za mwaliko zilizobaki tangu harusi ya mdogo wake Abby, akazichomeka moja moja kati ya tairi na rimu, zikasimama duara kama alizeti, ili rangi isiguse mpira. Kisha akaninginiza neti ya kitanda ya mama yake kwenye kamba ya nguo, akaingia chini yake na kompresa ya kuazima, akapiga rangi.

Rangi ilikuwa dhahabu. Si dhahabu ya pete, ni ile iliyokolea, kama chai ya rangi ikiangaliwa kwenye bilauri. Mimi niliipenda. Gibson hakuipenda hata kidogo.

"Mimi mzee wa kanisa," aliniambia jioni ile, ananizungukazunguka uani kama mimi ndiye niliyemtuma Derrick. "Niingie pale na rimu za dhahabu? Watu waseme sadaka imeishia kwenye magurudumu?"

"Watu watasema tu, Baba Derrick," nikamwambia. "Hata ukienda kwa miguu watasema viatu."

"Mzee Mahmud, usinichekeshe. Kesho chukua msasa, uondoe hiyo takataka yote. Nataka fedha, kama ilivyotoka Japani."

Mkewe, Gertrude, alikuwa mlangoni pa jikoni anasikiliza. Akaufunga mlango polepole. Ungemjua Gertrude, ungejua kwamba hiyo ndiyo mbaya.

Asubuhi simu ililia. Alikuwa Katuku, mama mwenye hoteli ya chai pale Maungu, barabara ya Mombasa, rafiki ya Gertrude tangu usichana. Gertrude akaiweka simu kwa sauti kubwa juu ya meza, sote tusikie.

"Kijana wako alilala hapa kwangu," alisema Katuku. "Amekula vizuri, usiogope. Lakini amepata lori. Kuna dereva anaitwa Mwanzia, anampitia leo jioni, wanapeleka mzigo mpaka Juba. Nimemwambia angoje hasira ya baba ipoe, ananiambia, mama, baba ameshanizika, mimi natembea tu."

Simu ilipokatika, Gertrude alimgeukia mumewe.

"Baba Derrick, umemsikia. Mtoto anakwenda Juba na neno lako mgongoni."

"Neno ni neno tu. Nilikuwa na hasira."

"Basi litoe. Baba yako angelitoa. Angekaa kizingitini, angetasa, mambo yangeisha kabla ya uji."

"Usinitajie hayo!" Gibson alipiga meza, vikombe vikaruka. "Mambo ya kutasa tuliyaacha kwa wazee. Mimi nimeombea jambo hili usiku kucha."

"Umeomba. Na simu umempigia?"

Gibson akaangalia kikombe chake.

Kwa msomaji asiyejua, kutasa ni hivi. Mzee akiwa na kinyongo na mtu wake, huchukua funda la pombe ya miwa, au hata maji matupu, akalipuliza nje kwa mdomo kama manyunyu, na kila funda akalifuatishia neno la kujitoa hasira na la kumtakia mema yule mtu. Moyo unabaki mweupe. Niliwahi kuona mzee mmoja akifanya hivyo kule milimani. Haikuchukua muda. Lakini wengi wa makanisani wameacha, na Gibson alikuwa wa mbele kuwakataza wenzake.

Basi nikatoka uani na msasa wangu, maana ndiyo kazi niliyopewa, na Gibson akanifuata. Nilifungua neti. Magurudumu yalikuwa yamelala pale juu ya matofali, kadi za Abby bado zimesimama pande zote. Rangi ilikuwa imekauka, lakini haing'ai, ina ukungu kama jicho la mtu aliyetoka usingizini. Hiyo ni kawaida. Rangi ya namna hiyo haing'ai mpaka ipigwe laka juu yake, na laka Derrick hakuwahi kuipiga. Kopo lake lilikuwa pale chini, halijafunguliwa.

"Baba Derrick," nikasema, "nikueleze kabla sijasugua. Kazi hii imefika katikati. Bila laka, jua la Voi na vumbi la breki litaila rangi hii kabla ya mvua. Na laka ikikosa kupigwa leo, rangi itakuwa imefunga, haitashikana nayo tena mpaka isuguliwe upya. Kwa hiyo ni leo. Ama umalizie, ama ufute. Kesho haipo."

"Nimeshasema ufute."

Nikampa msasa. "Kazi ya mtu isiyo na kosa mimi siiondoi. Futa wewe."

Alinikazia macho, nikadhani atanifukuza na mimi, na wala nisingeshangaa, begi langu halijawahi kuwa mbali na mlango. Akauchukua. Akachuchumaa mbele ya gurudumu la kwanza. Mkono ukasimama.

"Lile jeraha la Makwasinyi," akasema, "liko gurudumu gani?"

"Tafuta."

Akaanza kupapasa ukingo wa rimu kwa kidole, polepole, akizunguka. Hakulipata. Akahamia la pili, la tatu, la nne, akarudi la kwanza. Alivua miwani, akaifuta, akavaa. Jeraha lile alilisababisha yeye mwenyewe, akienda mbio kwenye mazishi, na nyumbani akasema ni Derrick aliyeligonga gari. Gertrude alinieleza hivyo zamani. Derrick hakuwahi kubisha.

"Amelizibaje huyu?"

"Sijui. Mimi nilimfundisha kushika bomba la rangi. Hilo la kuziba alijifunza kwenye simu."

Gibson alikaa pale ameshika msasa. Mwishowe akauweka juu ya tofali, kwa uangalifu kama mtu anayeweka yai.

"Piga laka," akasema.

Sasa ngoja nikwambie juu ya Voi na laka. Laka ni gundi ya kioo. Chochote kinachopita hewani kikiigusa kabla haijakauka, kimekaa humo milele. Na Voi upepo ukishaamka, vumbi jekundu linapita kila mahali, hata kwenye chumvi. Neti inazuia wadudu na majani, vumbi la chini haiwezi. Lazima ardhi ilowe kwanza. Na si kumwaga, maana ukimwaga ndoo vumbi linaruka juu. Maji yawe membamba, kama umande. Mfereji ulikuwa mkavu, zamu yetu ya maji haijafika, tuna maji ya madebe tu, na bomba la rangi halitiwi maji siku ya laka.

"Hakuna kitu cha kunyunyizia?" nikauliza.

Gertrude alitoka jikoni na bakuli la maji. Hakumtazama mumewe usoni.

"Puliza kwa mdomo," akamwambia. "Kama mimi nikipiga pasi mashati yako."

Alikuwa anajua anachofanya? Sikumuuliza, na hata leo siwezi kukwambia.

Gibson akalipokea bakuli. Akachukua funda, akainama, akapuliza. Maji yakatoka laini kabisa, yakatua kwenye udongo bila kuinua hata punje. Akasogea hatua, akachukua la pili, akapuliza. La tatu likamkwama. Alisimama mashavu yamejaa, macho yamemtoka, mzima mzima na suruali yake ya mkutano, halafu akapuliza kwa nguvu kuelekea barabarani, upande ule Derrick alikokwenda. Na maji yalipokwisha kutoka, maneno yakafuata. Yalikuwa ya Kidawida, na Kidawida changu ni cha sokoni, lakini nilipata jina la Derrick, na moyo, na njia. Akachukua jingine. Safari hii alisema kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda alitaka nami nishuhudie.

"Nililosema getini nimelitoa. Liende na maji. Atembee salama, arudi salama, anizike uzee ukifika."

Akazunguka magurudumu yote manne hivyo. Gertrude alikuwa ameshika kamba ya nguo kwa mikono miwili. Bakuli lilipokwisha, Gibson akajifuta mdomo kwa kiganja, akaniangalia kama mtu aliyekutwa anaiba sukari.

"Vumbi limelala?"

"Limelala," nikasema.

Nikachanganya laka na hadena yake ya kuigandisha, nikachuja kwa soksi ya zamani ya Gertrude, nikaingia chini ya neti. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, ni wa ukungu tu, unapita juu juu, unaungoja ushike. Mkono wa pili ndio unaolowesha. Ukiwa mchoyo inakuwa kama ganda la chungwa, ukiwa mkarimu inatiririka. Dhahabu ile ikafunguka macho. Hata Gibson alisema "Eh."

Baada ya hapo ikawa kungoja. Huo ndio ukawa msiba. Gibson alitaka kwenda Maungu saa ileile.

"Lori litaondoka!"

"Ukifunga nati sasa utaing'oa laka yote, ufike kwa mwanao na rimu zenye ukoma. Keti."

"Niende na boda?"

"Nenda," akasema Gertrude. "Lakini akikuona na boda ataona baba tu. Akiona magurudumu ataona baba amekubali."

Akaketi. Akasimama. Akaketi. Mara nilimkuta ameinua ukingo wa neti anachungulia, nikampigia kelele. Jua lilikuwa kali, likatusaidia. Alasiri tulichomoa kadi, tukafunga magurudumu taratibu kwa spana ya mkono, tukaondoka sote watatu, Gibson akiendesha kama amebeba mayai.

Maungu tulikuta lori limewashwa tayari. Derrick alikuwa kwenye ngazi ya lori, anampa Mwanzia begi lake. Alituona, akateremka, lakini hakuja kwetu. Alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, akachuchumaa, akaegemeza shavu karibu na rimu, akitazama mwanga unavyoteleza.

"Nani alipiga?"

"Mimi," nikasema.

"Umeacha mdudu hapa, mzee wangu. Umezeeka sasa."

"Huyo mdudu ni wangu," akasema Gibson. "Nilifungua neti."

Derrick akacheka kidogo, bila kuinuka. Gibson akasimama juu yake, mikono haijui iende wapi.

"Lile neno nimelitoa."

"Umelitoa wapi?"

"Uani. Kwa maji."

Derrick aliinua uso. Alimwangalia baba yake, akamwangalia mama yake, ambaye ghafla alikuwa na shughuli kubwa na lesso yake.

"Wewe? Mzee wa kanisa?"

"Nilikuwa nalaza vumbi," akasema Gibson. "Na usimwambie mchungaji."

Mwanzia akapiga honi. "Wee kijana, Juba haitatufuata hapa!"

"Teremsha begi, twende nyumbani," Gibson akasema.

Derrick akatikisa kichwa. "Nataka kwenda, baba. Jana nilikuwa nakimbia. Leo naenda tu." Akamshika baba yake mkono, kisha akamkumbatia mama, akanipiga begani mimi, akapanda. Lori lilipita Voi kabla yetu, maana Gibson hakutaka kuendesha kwa kasi na laka mpya.

Derrick alikaa barabarani zaidi ya mwaka kabla ya kurudi. Sasa ameajiriwa, anaendesha lori Mombasa hadi Malaba, na hulala nyumbani akipita. Gibson bado ni mzee wa kanisa, na mchungaji alikuja kujua habari ya yale maji, ikapita. Katuku amefunga hoteli yake na kuhamia kwa bintiye Mtito. Mwanzia alistaafu kwa sababu ya mgongo. Gertrude alipata neti nyingine kliniki, ile ya kwanza ilibaki na madoa ya dhahabu na hufunika vifaranga. Gari liliuzwa kwa mwalimu mmoja wa Marungu, na rimu zake ziko hivyohivyo, mdudu humo ndani. Mimi nilirudisha ufunguo wa chumba mwaka uliofuata. Siku hizi niko Taveta.