Birika la Bibi Juu ya Gesi

Katika ukoo wetu hakuna anayejua mambo ya umeme kunishinda. Nilisoma fizikia mpaka mwalimu akaniomba niwaachie na wenzangu nafasi ya kujibu. Kwa hiyo shangazi aliponituma nikamfundishe bibi kuchemsha maji ya chai bila hatari, sikushangaa kuchaguliwa. Nilishangaa alivyochelewa.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Bibi aliwahi kusahau sufuria jikoni mpaka ikaungua, na tangu hapo shangazi akawa anataka kumhamishia kwake ghorofani, mbali na kila anayemjua. Tukakubaliana: akiweza kujichemshia maji salama, anabaki kwake. Alasiri shangazi angekuja kujionea.

"Sikiliza, mke wangu," nikamwambia bibi, nikimwonyesha birika jipya la umeme. "Maji yasipite huu mstari. Mikono iwe mikavu. Likichemka, linajizima lenyewe."

"Basi limekushinda, mume wangu. Wewe ukichemka hujizimi."

Akafanya yote sawasawa, akarudia bila kuelekezwa. Kisha akajiegemeza kitini, usingizi ukamchukua. Nikajaza maji ya chai yangu, nikabonyeza, na hapo hapo umeme ukakatika. Nikalikagua birika: linang'aa, chuma kitupu. Chuma ni chuma, nikajisemea. Nikalibandika kwenye jiko la gesi, nikatoka uani kuongea na simu.

Harufu ndiyo iliyonirudisha. Kitako, kumbe plastiki, kilikuwa kinachuruzika kwenye moto kama lami. Nilipomaliza kufunga gesi, shangazi alikuwa ameshasimama mlangoni, mtandio puani.

"Mama, birika la umeme unaliweka kwenye gesi?"

Bibi akaamka. Akalitazama birika, akaitazama mikono yake kana kwamba anaiuliza.

"Mimi?" akasema. "Labda ni mimi. Siku hizi nasahau sana, mwanangu."

Nikafungua mdomo. Kweli niliufungua, mdomo huu usiokosa neno hata msibani. Kikatoka kikohozi. Shangazi hakugomba, laiti angegomba. Alikuwa anakunja nguo za bibi huku anafuta machozi, na bibi anamwelekeza taratibu, "Ile ya bluu usiiache." Shangazi akaniambia nimshikie begi. Nikalishika. Kila nguo ilipoingia nilijiambia nitasema baada ya hii, na nyingine ikaingia.

Mara fundi cherehani wa nyumba ya pili akachungulia dirishani, tepu shingoni, ndoo ya maji mkononi.

"Umeuzima moto?" akaniuliza. "Maana nilikuona kutoka kule kwangu unalibandika birika, nikasema labda shuleni ndivyo mnavyofundishwa siku hizi."

Shangazi akaacha kukunja. Bibi hakugeuka kumwangalia fundi. Aliniangalia mimi, na begi nilikuwa bado nimelipanua.