Mafuta Yasiyotaka Moshi

Mama Orpa alionja samaki, akatema pembeni.

"Hii mafuta iko na uchungu," alisema. "Batume muntu ku boutique alete ingine."

Jiko la parokia, hapa Kikula, mjini Likasi, lilikuwa lake kwa miaka ishirini. Hakuna mwingine aliyethubutu kushika mwiko mkubwa. Akina mama waliokuwa wakimenya vitunguu waliinamisha vichwa na kumenya kwa bidii isiyo ya kawaida.

Adrienne alihisi damu ikimpanda. Mafuta hayo yalikuwa yake. Alikuwa amekaanga karanga za Kapolowe kwa moto mdogo, akazitwanga mpaka zikalainika, kisha akazikanda kwa maji ya moto, kidogo kidogo, hadi mafuta yakajitenga. Majuma matatu ya kukanda, akajaza bidoni mbili za plastiki. Akina mama hawa wakiyapenda, wangempa kazi ya kuleta mafuta kila sikukuu, na asingerudi tena Kakontwe kuvunja mawe. Wakiyakataa, nyundo ilikuwa inamsubiri nyuma ya mlango.

Lakini mafuta hayakuwa na kosa, na alijua hivyo kama anavyojua jina lake. Mama Orpa ndiye aliyeyafunika sufuriani na kuyaacha motoni mpaka moshi ukatoka dirishani, vile mawese yanavyochomwa ili yapoteze wekundu na harufu yake kali. Nani Likasi hafanyi hivyo na mawese? Hata usingizini wangefanya. Ila karanga si mawese, na bidoni moja ilikuwa imekwisha kwenda na maji.

"Mama Orpa," alisema, "hii haiko mafuta ya ngazi, haiko mawese. Ukingoja moshi, unaiunguza."

"Minye napikaka hapa tangu weye ulikuwa mutoto."

"Njo maana nakuomba dix minutes tu, mama. Kisha utume muntu."

Hakungoja jibu; dakika kumi zilimtosha. Alisugua sufuria, akamimina mafuta ya bidoni ya pili, akatupia kipande cha kitunguu. Kilipoanza kucheza katikati ya mapovu madogo, bila moshi wowote, akatia samaki. Harufu ya karanga ilijaa jikoni, ikatoka mpaka uwanjani, ambako watu walikuwa wanatoka misa. Wengine walianza kuchungulia mlangoni.

Mama Orpa alipewa kichwa cha samaki, akakifyonza mpaka mfupa wa mwisho. Kwa samaki Adrienne hakuwa na wasiwasi hata chembe. Wasiwasi wake ulikuwa ule mdomo, kwa sababu mtu aliyetawala jiko miaka ishirini hasemi nimekosea, labda paa limwangukie.

Na kweli hakusema. Alichukua mwiko mkubwa, akautia mkononi mwa Adrienne, akavuta kigoda na kuketi kati ya wamenya vitunguu.

"Munipe kisu," alisema. Kisha, bila kuinua macho: "Adrienne, ku Noël utaleta bidon ine, hapana mbili."

"Nitaleta, mama," alijibu Adrienne, akigeuza samaki. "Lakini moto, minye njo nitaangalia."