Nazaria Wawili wa Huayllani

Gari liliposimama mbele ya zizi, Nazaria alishuka wa kwanza, kwa kuwa mtoto aliyekuwa akimlea alikuwa amemtapikia. Barabara ya kutoka mjini Arequipa inapanda mpaka masikio yanaziba, na mtoto hakuwa ameizoea. Nazaria akamfuta mdomo, akajifuta aproni, ndipo akainua macho akaiona nyumba ya mama yake hapo Huayllani. Ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka, na bati moja la paa lilikuwa jipya.

Alikuwa amechukuliwa pale akiwa na pengo la meno ya mbele, na sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Aliyemchukua ni Doña Ivonne, mama yake wa ubatizo, kwa ahadi kwamba mjini atasomeshwa. Nazaria alimwita madrina. Siku hiyo madrina hakuja kumrudisha kwao. Alikuja kwa sababu binti yake Micaela, dada wa yule mtoto, alitakiwa shuleni aeleze habari za mnyama mmoja wa milimani, na madrina akakumbuka kwamba komadre wake, yaani mama mzazi wa Nazaria, anafuga alpaka, wale wanyama wa sufu wenye shingo ndefu.

Fortunata, mama yake Nazaria, alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye sketi.

"Karibu, komadre. Mmefika salama?"

"Salama, komadre. Na baridi yenu hii! Mnaishije huku?"

"Tunaishi tu." Akamgeukia binti yake, akamtazama kuanzia viatuni. "Umerefuka."

"Ndiyo, mama," Nazaria alijibu kwa Kihispania, maana Kikechua, lugha ya kwao, kilimkwama mdomoni.

Wakala supu ya viazi vikavu, kisha wakaenda zizini. Micaela aliuliza kwa Kihispania, Fortunata akajibu kwa Kikechua, na Nazaria akasimama katikati akitafsiri, mtoto mgongoni. Kikechua kilimrudia kidogo kidogo, kama maji kwenye bomba lililofungwa siku nyingi.

"Kwa nini wanatema mate?"

"Wakigombania chakula," alisema Fortunata. "Na jike akishashika mimba, dume akimsogelea tena, anamtemea usoni." Akacheka. "Laiti na sisi tungefundishwa mapema."

Hiyo ya mwisho Nazaria hakuitafsiri.

Micaela akaandika kwamba alpaka ana nyayo laini, hang'oi majani anapokanyaga. Kwamba wote huenda haja mahali pamoja bila kuambiwa. Kwamba majike huzaa kabla ya adhuhuri, ili ndama akauke juani kabla baridi haijashuka. Akaandika pia kwamba alpaka halii kama kondoo. Anaguna.

"Anaguna lini?"

"Akiwa na wasiwasi," alisema Fortunata. "Akimtafuta mwanawe. Akitenganishwa na wenzake."

Masomo yalipokwisha huko shule ya kijijini, alpaka mmoja wa rangi ya kahawia alikuja peke yake kwa njia ya mtoni, mfuko wa kufumwa ukining'inia shingoni. Akapita katikati yao, akanywa maji, akaja kusimama kando ya Fortunata.

"Na huyu anaitwa nani?" aliuliza Micaela.

"Nazaria."

Fortunata akamwelekea binti yake, akamweleza kwa sauti ya mtu anayeeleza alikonunua chumvi. "Ulipoondoka, mwalimu Wilber alikuwa ameshakuandikisha. Asubuhi ya kwanza akaita jina lako. Huyu alikuwa ndama bado, kawafuata watoto mpaka mlangoni. Akaguna. Mwalimu akamwambia, ingia, funga mlango, kuna upepo. Sasa yuko darasa la sita. Hesabu ndizo zinazomsumbua."

"Analala wapi?"

"Kitandani kwako. Kwani ungetaka alale wapi?"

Nazaria aliitikia kwa kichwa. Jina lilikuwapo, kitanda kilikuwapo. Haikuwa vizuri vikae bure.

"Shule za siku hizi zinapokea yeyote," alisema madrina, akapandisha zipu ya koti lake.

Micaela alikuwa ameegemea ukuta wa mawe, anaandika. Alpaka akapitisha shingo juu ya bega lake, akasoma mstari kwa mstari, kisha akaweka pua juu ya neno moja. Micaela akalitazama. "Ah, kweli," akasema, akalifuta na kuliandika upya.

"Lilikuwa na kosa gani?" Fortunata alimwuliza binti yake.

Nazaria aliinamia karatasi. Aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama mto asioujua kina.

"Sijui, mama."

"Kihispania hukijui?"

"Kukisema nakijua."

Fortunata akamgeukia komadre wake. Kihispania chake kilikuwa cha maneno machache, lakini yalimtosha.

"Komadre. Na shule?"

"Mwakani, komadre," alijibu Doña Ivonne, wala hakukasirika. "Mwaka huu tungefanyaje? Mtoto hakubali kulishwa na mtu mwingine. Na huyu mimi namhesabu binti yangu wa kumzaa. Muulize mwenyewe."

Hakuna aliyemuuliza. Wingu lilikuwa limekaa juu ya kilima, na upepo ulileta harufu ya mvua ya mawe. Madrina akasema waondoke kabla barabara haijaharibika. Akaingia garini, akawasha injini, akaita bila kugeuka, "Nazaria! Haya, twende!"

Wote wawili wakainua vichwa.

Fortunata akamfungua binti yake ile mbeleko, akamchukua mtoto. Akamfungua na aproni. Akamvua alpaka mfuko wa shule, akamfunga aproni shingoni, fundo zuri la kulala upande. Kisha akamshika masikio kwa mikono miwili, akamwuliza taratibu kwa Kikechua, "Utakwenda, mwanangu?"

Alpaka akaguna.

Nazaria alikijua alichosikia, kwani ndicho alichokuwa amekitafsiri mchana ule ule. Mama yake naye alikijua, akajifanya anakagua lile fundo.

Alpaka akapanda kiti cha nyuma, akakunja miguu chini yake. Micaela akasogea kumpisha, akavuta mlango. Mtoto alipopakatwa pale alizamisha uso ndani ya sufu, akasinzia papo hapo. Madrina akatupa jicho kwenye kioo. "Mshike vizuri kwenye kona," akasema, na gari likateremka.

Jumatatu Nazaria alikwenda shule. Mwalimu Wilber aliita jina lake, akaitikia, akapewa kitabu cha darasa la sita. Kabla ya mapumziko mwalimu alikichukua kitabu kile na kumhamishia darasa la kwanza, ukuta wa pili wa chumba kile kile.

"Yule mwenzio alikuwa anajua kuliko wewe!" walimwambia wavulana nje.

"Tena alikuwa hachezi rafu!"

Magoti yake hayakuingia chini ya dawati, akawa anakaa kiupande. Jirani yake kwenye benchi alikuwa Flor Choque, mtoto wa miaka sita kutoka ng'ambo ya mto. Flor hakumcheka. Aliweka kidole chake kichafu juu ya herufi na kumsomesha.

"Siyo hiyo, dada. Hiyo ni d. Hebu tazama, tumbo lake liko nyuma."

"Ahaa."

"Umeelewa au unaniitikia tu?"

"Nakuitikia tu."

"Basi tuanze tena."

Nyumbani Fortunata alimpikia binti yake, alimsuka nywele. Lakini blanketi la kitanda kile lilikuwa limejaa sufu ya kahawia, na Nazaria alipotaka kulikung'uta mama yake alilishika upande wa pili. "Liache," akasema. Wakati wa kurudisha kundi zizini alihesabu kwa macho, kisha akasimama anaitazama barabara mpaka mbwa wakachoka kumngoja.

Baada ya msimu wa kukata sufu, mwanamke mmoja auzaye jibini Arequipa aliwakuta mnadani na salamu za Doña Ivonne.

"Anasema binti yenu ametulia sana siku hizi. Hali sana, hajibu, watoto wanalala juu yake. Anakushukuru. Sasa dada yake naye anatafuta msichana wa namna hiyo. Anauliza kama komadre una mwingine."

"Mwambie sina," alisema Fortunata. Hakuwahi kumnyima komadre wake kitu kabla ya hapo.

"Haya, nitauliza kwa kina Choque. Wale wana mabinti."

Nazaria hakungoja mnada uishe. Alivuka mto, maji ya magoti, akamkuta mama yake Flor anafua.

"Mama, wakija kumtaka Flor msiwape. Hawatampeleka shule."

Yule mama alimtazama usoni, halafu viatuni. "Wewe si ulikwenda? Si umerudi unasoma, tena na viatu vya ngozi? Au hutaki mwenzio naye apate?"

Nazaria alimweleza yote, la alpaka pia. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, akikamua nguo. La alpaka alilijua. Lile la shule ndilo aliloona halisadikiki.

Gari la kutoka Arequipa lilikuja Jumamosi, likapita mbele ya nyumba ya Fortunata bila kupunguza mwendo. Lilirudi jioni hiyo hiyo likitoka upande wa kina Choque. Kioo cha nyuma kilikuwa kimepandishwa.

Jumatatu mwalimu Wilber alianza na wadogo.

"Flor Choque."

Mahali pake kwenye benchi palikuwa patupu. Mlangoni alisimama ndama wa alpaka, mweupe, miguu imelowa hadi tumboni. Akaguna.

"Ingia," alisema mwalimu. "Funga mlango, kuna upepo."

Ndama akafunga mlango kwa kichwa. Alikuwa anatetemeka, kwa kuwa alikuwa amevuka mto peke yake. Nazaria akasogea mpaka mwisho wa benchi, akampisha upande wa dirishani, penye jua.