Funda Moja la Bosi

Mpika chai alikuwa akipangusa bilauri ya bosi, mara sekretari akachungulia jikoni.

"Mama, jagi lijaze maji ya chupa. Waandishi wakiuliza, ni ya bomba la mtaani kwenu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, dada."

Kiwanda cha betri cha bosi kilimwaga uchafu wake bondeni, na bomba la mtaa lilipita humo humo. Mtoto wa mpika chai, aliyekuwa akiimba mpaka majirani wakaomba poo, sasa hata "mama" hasemi. Daktari alisema ni madini ya risasi. Bosi alisema maskini hakosi wa kumsingizia.

Chini ya meza kulikuwa na dumu alilotoka nalo nyumbani. Akajaza jagi kwa maji ya dumu, bila haraka.

Ukumbini bosi aliinua bilauri mbele ya kamera. "Haya ndiyo maji wanayoyalilia!" Akapiga funda kubwa. Wakampigia makofi.

Mpimaji wa maji, aliyekodiwa na kiwanda chenyewe, akachota kidogo kwenye bilauri ile ile, akadondoshea dawa yake, akawasha taa ya zambarau. "Yakiwa na risasi, yatang'aa," alieleza.

Yakang'aa kijani, ukumbi mzima ukaona.

Bosi akajishika koo. Mpika chai, sinia mkononi, alimtazama machoni na kufurahi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, alijisemea; leo na yeye auonje. Alisikitika tu kwamba hakuimaliza bilauri.

Bosi alikimbizwa hospitali, madaktari watatu wakamsafisha tumbo kwa funda moja lile. Mpika chai alipelekwa kituoni.

"Ulitia sumu gani?" askari aliuliza.

"Sikutia kitu, afande. Ni maji ya bomba letu."

"Usinifanye mtoto mdogo. Maji yenu serikali ilishayapima, ni safi. Kwa hiyo sumu ni yako."

"Basi kayapimeni tena. Si ile taa mnayo hapo?"

"Taa ni kidhibiti. Haitoki hapa mpaka kesi yako iishe."

"Basi fungeni hata bomba, afande. Nakuomba."

"Bomba lina kosa gani?"

Saa hiyo nyumbani, dada wa mpika chai alikuwa amerudi kutoka bombani, amempakata mtoto, anamshikia kikombe na kumbembeleza amalize yote.