Gauni la Mama Siku ya Uhuru

Motunrayo alikuwa na miaka thelathini na mbili, na kwa miaka mitano alimwomba Mungu jambo moja kila alfajiri kabla ya kwenda kufagia duka la bosi wake: Bwana, nipe duka langu. Gari hakuomba, wala mume. Aliomba afungue kufuli lake mwenyewe asubuhi, na siku akiugua alale, bila kumpigia mtu magoti kuomba ruhusa.

Walikuwa wamekubaliana ajifunze ushonaji miaka mitatu. Mama Durotimi, bosi wake, fundi wa magauni ya harusi pale Mokola, mjini Ibadan, alilitamka hilo mbele ya mama yake Motunrayo, wakanywa soda, wakasali. Mwaka wa tatu ulipokwisha, bosi akasema msimu wa harusi umebana. Mwaka wa nne akasema, "Mkono wako bado mzito kwenye kola, binti yangu." Motunrayo akangoja. Angefanyaje? Kujua kushona si ruhusa ya kufungua duka. Ni lazima kwanza bosi akufanyie uhuru: watu wanaalikwa, unapiga magoti, bosi anakuwekea mkono kichwani, anakuombea, anakukabidhi mkasi. Ukifungua bila uhuru, chama cha mafundi kinakuja kuondoka na kichwa cha cherehani yako. Na hata wasipokuja, nani atampelekea kitambaa mtu aliyeondoka bila dua ya bosi wake?

Mwaka wa tano, Mama Durotimi akataja Jumamosi moja, na safari hii hakuibadilisha.

Sare za wageni zilishonwa dukani, usiku na mchana. Kitambaa cha mama yake Motunrayo kilibaki chini ya rundo. Mama huyo alikuwa akikaanga bajia za kunde kando ya barabara, na tangu amzike mumewe hakuwa amevaa gauni jipya. Siku ya Jumatano bosi alikitoa kile kitambaa, akamrushia Motunrayo mapajani.

"Nafasi hakuna. Mama yako avae lile la Pasaka."

Sasa, mwanafunzi ambaye hajapata uhuru hashoni kitu nje ya duka. Hata kifungo. Motunrayo aliijua sheria hiyo kama alivyoijua sala ya Bwana. Lakini alijiambia: siku tatu tu zimebaki, nani atazihesabu? Akaomba msamaha kwanza, kisha akaenda kwa jirani mwenye cherehani, akashona jioni mbili. Mama yake hakujua lolote mpaka alipoletewa gauni limeshapigwa pasi.

Jumamosi ikafika. Turubai lilifungwa mbele ya duka, ngoma zikalia, wali mwekundu ukanukia mtaa mzima. Motunrayo alipiga magoti kwenye mkeka, na Mama Durotimi akasimama mbele yake na mkasi mpya uliofungwa utepe. Wapiga ngoma wakanyamaza ili dua ianze. Katika kimya hicho, wanawake wa mstari wa mbele walikuwa bado wanamtania mama mzazi.

"Wee! Kiuno hicho ulikificha wapi miaka yote hii?"

"Kwenye karai la mafuta, dada yangu!" mama akajibu, akijizungusha kwa furaha. "Mwanangu ndiye aliyekifukua. Gauni hili kalishona mwenyewe, hapo tu kwa jirani yetu!"

Mama Durotimi akaushusha mkasi.

"Amesema kalishona nani?"

Mama alitazama huku na huku, halafu akaelewa alichofanya. Alianguka kwa magoti kando ya binti yake.

"Dada yangu, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemlazimisha."

"Usimdanganye Mungu siku ya dua, mama."

Mwenyekiti wa chama akakohoa. "Mama Durotimi, leo ni furaha. Liache lipite."

"Likipita leo, kesho kila mwanafunzi wako atakuwa na duka chini ya kitanda. Unataka?"

Mwenyekiti akarudi kwenye sahani yake.

"Mimi si mtu mbaya," Mama Durotimi akamwambia Motunrayo, kwa upole kabisa. "Chagua. Inuka uende zako, urudi Jumatatu, uniongezee miaka miwili. Au gauni lile lifumuliwe hapa hapa, kila mshono, kwa mkono ule ule ulioushona. Kisha nitakuombea kama nilivyoahidi."

"Likifumuliwa, atavaa nini?" mtu akauliza nyuma.

"Alizaliwa amevaa nini?" bosi akajibu.

Watu wakacheka. Motunrayo alimtazama mama yake, akitumaini atasema, twende nyumbani. Mama alikuwa akimtazama yeye, akingoja vilevile. Bwana, sema wewe, Motunrayo akaomba moyoni. Akasubiri. Kilichosikika ni sauti yake mwenyewe.

"Nipeni wembe."

Mama aliinuka polepole, akashika goti lake bovu, akaingia dukani nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Baada ya kitambo mkono ukatokeza na gauni, limekunjwa vizuri.

Motunrayo alifumua mikono, akafumua kiuno, akafumua pindo. Wageni waligawiwa wali, wakala. Alipodhani amemaliza, bosi akanyoosha kidole.

"Na zipu. Zipu haikujishona."

Akaifumua zipu. Mama Durotimi akaokota kipande kimoja, akakisogeza karibu na macho, akapitisha ukucha palipokuwa na mshono.

"Kazi safi," akasema. "Mkono huu haujawahi kuwa mzito."

Kisha akauweka mkono wake kichwani pa Motunrayo na kuomba, na aliomba vizuri, hakupunguza neno. Usimtumikie mtu tena. Wateja wakutafute mpaka mlangoni. Kila alipopumua watu waliitika amina, na amina iliyokuwa kubwa kuliko zote ilitoka nyuma ya pazia.

Mkasi ukatua mkononi mwake. Ngoma zikalia, noti zikabandikwa kwenye paji la uso wake. Alitaka kumpelekea mama kitenge cha kujifunga, lakini wachezaji walikuwa wamemzunguka, na kila alipopiga hatua kuelekea mlangoni walimgeuza arudi katikati.

Mpiga picha akaja mbio. "Familia! Mama mzazi yuko wapi?"

"Yuko ndani, amechoka," Mama Durotimi akasema, akamkumbatia Motunrayo begani. "Piga tu."

"Haya, bosi, tabasamu!" mpiga picha akamwambia Motunrayo. Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo.

Akatabasamu.