Kiberiti cha Ijumaa

Kila Ijumaa baada ya michezo tulijificha nyuma ya ghala la mahindi la shule yetu, hapa Kitale, kuvuta sigara. Na kila Ijumaa hatukuvuta, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kiberiti.

Pakiti ilikuwa ya Kagwe. Ilikuwa na sigara tatu, zimekunjamana kwa kukaa ndani ya soksi. Kiberiti tulileta kwa zamu. Kagwe alisahau. Kipkirui alisahau mara mbili. Mimi Wangila, mgeni niliyehamia kutoka Bungoma muhula huo, niliwaona wenzangu kuwa mabingwa wa moshi waliokosa kumbukumbu tu. Nilijua kidato chote cha tatu kinavuta. Nani aliniambia? Hakuna. Nilijua tu.

Zamu yangu iliangukia Ijumaa ya nne, na kesho yake kulikuwa na mchujo wa mbio, na kifua changu ndicho mali pekee niliyotoka nayo Bungoma. Lakini kubaki bila rafiki niliogopa zaidi. Basi zamu yangu ilipofika, nilichukua kiberiti jikoni kwa shangazi Judy.

"Leo nimeleta," nikasema, nikakitikisa.

Hakuna aliyefurahi. Kipkirui aliangalia viatu vyake. Kagwe alitoa sigara, akairudisha, akaitoa tena.

"Si uanze wewe," akaniambia. "Watu wa Bungoma mmezoea."

Hasira zikanipanda. "Nani alikuambia? Mimi sijawahi kuvuta hata moja! Nyinyi ndio huvuta!"

"Mimi? Hii pakiti niliokota kwa barabara, bana! Nilifikiri nyinyi mnataka."

Kipkirui akakohoa. "Kiberiti nilikuwa nayo. Mara zote mbili. Ilikuwa tu kwa mfuko."

Nilitaka kucheka na nilitaka kuwazaba makofi. Wiki nne nimekosa usingizi kwa ajili ya waoga wenzangu! Kicheko kilishinda. Kagwe alizitupa sigara chooni. Kipkirui alikuwa na mahindi mabichi ya kwao begini, basi tukasogea mbali na ghala, tukawasha moto, tukachoma. Kiberiti kikapata kazi.

Jumamosi nilimaliza wa pili.

Jumatatu Jepkosgei, ninayeketi naye dawati moja, aliniinamia. "Ati nyinyi huvuta fegi kule nyuma ya ghala? Darasa yote inajua. Hata mimi nilikuwa nataka kujaribu, nisiachwe."

Nikaona aibu. Wale "wote" niliowaogopa muhula mzima, kumbe walikuwa sisi watatu.

"Hatuvuti," nikamwambia. "Hatujawahi. Kuja Ijumaa ujionee. Leta chumvi."

Alileta chumvi, pilipili na wenzake sita. Mahindi hayakutosha. Kila mmoja wao alikuwa na kiberiti mfukoni, na hakuna aliyeuliza sigara ziko wapi.